Naombeni ushauri: vifaa vya kuanzia kuvua trauti kwa nzi bandia

MtotoWaMto: Wadau, salamu. Niko Nyeri. Nataka kuanza kuvua trauti, wale samaki wa mito ya baridi, kwa nzi bandia, yaani ndoano zilizofungwa manyoya zifanane na wadudu, na ikiwezekana nijifunze kuzifunga mwenyewe. Nimeonyeshwa fimbo ya mtumba, namba 8 (ndiyo uzito wa mshipi inaobeba), futi 9. Inafaa? Mnijibu haraka tafadhali.

FungaKaza: Namba 8 ni ya samaki wakubwa, baharini huko. Mito yetu ya mlimani ni myembamba na vichaka vinaingia hadi majini. Tafuta namba 4, futi 7 na nusu au 8, na mshipi unaoelea wa namba hiyohiyo. Hela weka kwenye mshipi: nzi haina uzito, kinachorushwa ni mshipi. Rili kwa trauti wadogo ni ya kukunjia mshipi tu.

MamaKaranga: Shangazi yangu alikuwa akifunga nzi hizo Nairobi, zinauzwa Uingereza. Ndoano anaibana kwenye jiliwa, anazungusha nyuzi za unyoya wa mkia, kisha waya wa shaba mwembamba kama unywele. Akikaza kupita kiasi unakatika, anafumua, anaanza upya. Trauti mwenyewe hajawahi kumwonja hadi leo.

Ustaarabu: Kumtoboa samaki mdomo halafu unamrudisha majini, huo mchezo gani? Mungu ametupa chakula, si mwanasesere.

NahodhaLamu: Sie huku twavua kwa mshipi wa mkono na chambo cha ngisi, jioni watu wala. Nzi twawafukuza mezani.

FungaKaza: Mwenye uzi, haraka ya nini?

MtotoWaMto: Kuna wageni wawili wanakuja Jumamosi ijayo.

FungaKaza: Wanakujia wewe kama nani?

MtotoWaMto: Niliwaambia mimi ni mwelekezi. Wameshatuma nusu ya malipo. Lakini mito hii naijua tangu utotoni, kurusha ni mkono tu. Na ile namba 8 nimeshailipia arubuni. Inayoweza samaki mkubwa itashindwaje na mdogo?

FungaKaza: Utavua matawi. Leseni je? Na mkiingia hifadhi ya Aberdare kuna ada ya KWS, shirika la wanyamapori, na nyati.

Kumbukumbu: Trauti wa mto Gura waliletwa na mlowezi Grogan mwaka 1905, kutoka Uskoti.

NahodhaLamu: Nani kauliza?

Mpelelezi: Ngojeni kwanza. Huyu si ndiye aliyeuliza kamera ya kuanzia, na harusi ilikuwa Jumamosi ijayo? Kabla ya hapo mashine ya kunyoa. Hadithi ni ileile, kinachobadilika ni kifaa.

MtotoWaMto: Harusi niliipiga na picha zikatoka.

NahodhaLamu: Bwana harusi yumo?

Mpelelezi: Weka hapa risiti ya arubuni.

MamaKaranga: Awe mkweli au mtunzi, mimi jiliwa la shangazi nauza. Limeshika kutu kidogo kwenye mkono.

MtotoWaMto: Risiti sikupewa, tuliaminiana. Mama, jiliwa bei gani? Na FungaKaza, namba 4 naweza kuikodi kwako hadi Jumapili?

FungaKaza: Arubuni unayo?