Naomba ushauri: mitambo ya upepo kwenye shamba letu, Singida

Habari zenu ndugu. Kampuni inataka kujenga mitambo ya umeme wa upepo kijijini kwetu, mkoani Singida. Shamba aliloacha marehemu baba limo kwenye ramani yao. Vigingi vyekundu vimeshapigwa katikati ya alizeti. Hati ya hakimiliki ya kimila, ile ya kumiliki ardhi ya kijiji, tunayo. Mwenyekiti wa kijiji anasema tusubiri mthamini, yule anayekadiria thamani ya ardhi na mali, ofisi ya ardhi wilayani nayo ikaturudisha kwa mwenyekiti. Fomu waliyomletea mama ina nafasi ya sahihi, kiasi cha fidia hakimo. Nimemwomba asisaini. Umeme siupingi, tunauhitaji sana.

Je, tunaweza kudai kukodisha eneo la nguzo na barabara tu, tuendelee kulima panapobaki? Na tukileta mthamini wetu aliyesajiliwa, hesabu yake itatambulika?