Naomba ushauri: esta yangu inapoteza usafi wa isoma kadiri mmenyuko unavyosonga

Chupa_na_Chujio:
Ndugu wanajamvi, ninatengeneza ethili 2-methilibutanoeti, esta yenye harufu ya tufaha, kutokana na asidi yenye enantioma zote mbili (S na R, molekuli pacha zilizo kama kitu na taswira yake kwenye kioo) nusu kwa nusu, pamoja na ethanoli ndani ya heksani. Kimeng'enya ni lipasi ya Candida rugosa iliyoshikizwa kwenye punje za resini, nami nataka enantioma ya S peke yake. Asilimia 20 ya asidi ikishageuka, ziada ya S katika esta (asilimia ya S ukitoa asilimia ya R) ni asilimia 78, lakini ikifika asilimia 50, ziada imeshuka hadi 67. Tena punje zinagandamana kwenye ukuta wa chupa, na nikichuja naona unga laini kwenye karatasi. Je, kushikizwa ndiko kulikoharibu uteuzi?

Mzee_wa_Lipasi:
Ndugu, takwimu zako zote mbili zinatoa uwiano wa uteuzi (jinsi kimeng'enya kinavyoipendelea S kuliko R) wa takriban 10, maana yake kimeng'enya hakijabadilika tangu mwanzo hadi mwisho. S ikipungua, R iliyobaki nayo inaanza kuliwa, na hilo hakuna resini itakayolizuia. Mimi ningesimamisha mmenyuko kwenye asilimia 20, nikaitenga esta, nikairudisha kuwa asidi kwa uangalifu isije ikapoteza umbo lake, kisha nikaipitisha tena kwenye lipasi. Ukiishia asilimia 45 katika mzunguko huo wa pili, ziada itakaribia 97. Mavuno yatakuwa madogo, ila usafi ndio unaoutafuta. Kuhusu unga huo, bila shaka unakoroga kwa sumaku, nayo inasaga punje dhidi ya kitako cha chupa. Tumia mashine ya kutikisa.

Tone_la_Maji:
Naafiki, ila kugandamana kwa punje ni dalili ya maji yanayozaliwa na mmenyuko wenyewe. Usikimbilie kumwaga chujio za molekuli (punje zinazofyonza maji) kwa wingi, kwa sababu lipasi hii ikikaushwa kupita kiasi hulala; jozi ya chumvi zenye maji ya fuwele huushikilia unyevu kwenye kiwango kimoja. Pima pia kimeng'enya kisichoshikizwa kwa kiwango kilekile cha mgeuko, ndipo utajua kama resini ina hatia.

Chupa_na_Chujio:
Nashukuru sana, wakuu. Ni kweli nilitumia sumaku. Nitaanza na ulinganisho huo kabla ya kugusa chumvi.