Tunaandaa siku ya warsha za haki za kijamii chuoni Kisumu, tupange vipi isiishie kwa hotuba tu?

Komredi_Lwangni ameandika:

Wadau, hamjambo. Sisi ni kamati ya wanafunzi tisa katika chuo kimoja hapa Kisumu. Tunataka kuandaa siku nzima ya warsha kuhusu uanaharakati wa haki za kijamii, Jumamosi ya mwisho ya Februari. Tunatarajia watu 120 hivi, nusu wanafunzi na nusu vijana kutoka mitaa ya Obunga, Nyalenda na Manyatta. Tuna ukumbi mmoja na madarasa manne yaliyo karibu nao.

Ratiba tuliyo nayo ni ya saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, vipindi saba vya dakika 45, vyote ukumbini: haki za mtu aliyekamatwa, bajeti ya kaunti, kuandika ombi kwa bunge la kaunti, haki ya kupata habari, kampeni za mtandaoni, ukatili wa kijinsia, na maji na usafi. Mwisho kuwe na kamukunji, yaani mkutano wa wote kujadiliana.

Tunauliza: je, vipindi vimezidi? Ni lazima tupate kibali cha polisi? Na kuna mwanasiasa amejitolea kutupa mahema na fulana 120. Tukubali?

---

MwalimuUraia amejibu:

Vimezidi sana. Kwenye dakika 45 ondoa za watu kuingia, salamu na kumtambulisha mkufunzi, unabaki na 30, na hizo zote atazimaliza yeye akiongea. Ikifika saa saba watu wako 120 wamekaa saa tano wakisikiliza tu. Baada ya chakula nusu yao hawarudi.

Chagueni mada nne. Ziendeshwe kwa wakati mmoja katika yale madarasa manne, dakika 90 kila moja, asubuhi, kisha zirudiwe zote mchana. Kila mtu atahudhuria mbili. Watu 30 kwa darasa ndio mwisho. Wakizidi hapo, wanaozungumza ni wale wale watano wa mbele. Kila darasa liwe na wakufunzi wawili na mtu mmoja wa kuandika. Wa kuandika asipangiwe kazi nyingine yoyote.

Dakika 90 zigawanyeni hivi: 10 za kueleza tatizo kwa mfano wa mtaa, 20 za sheria au mbinu, 40 za watu kufanya kazi katika vikundi vya watano, 20 za kusomeana walichoandika. Zile 40 ndizo warsha yenyewe, na ndizo huliwa kwanza mkufunzi akichelewa. Mwenye saa apewe mamlaka ya kumkata mkufunzi, hata akiwa wakili.

Kipimo changu ni hiki: kila darasa litoke na karatasi inayoweza kupelekwa ofisini Jumatatu au kubebwa mfukoni. Mada isiyoweza kutoa karatasi hiyo iondoeni. Kwa kipimo hicho ningebakiza haki za aliyekamatwa (kadi ya mfukoni), kupata habari (barua), bajeti (maoni ya maandishi) na ombi. Maji na usafi msiyafanye mada ya pekee. Yafanyeni mfano unaotumika katika madarasa yote manne. Kampeni ya mtandaoni iingie ndani ya somo la ombi.

Ukatili wa kijinsia ni muhimu mno kuwekwa katika kipindi cha watu 30 wasiojuana, bila mshauri nasaha. Mtu akifunguka pale hakuna wa kumshika mkono. Tengeni chumba kimoja chenye utulivu na mshauri aliyesomea kazi hiyo, na mbandike ukutani nambari 1195, simu ya bure ya kitaifa ya kusaidia waathiriwa.

---

Karani_wa_Sheria amejibu:

Kuhusu polisi. Sheria ya Utaratibu wa Umma, ile watu huiita Public Order Act, inataka taarifa, haitaki kibali. Mkutano wa hadhara au maandamano humpasa mwandalizi ampe taarifa mkuu wa kituo, yaani OCS, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Ndani yake muandike majina kamili na anwani za waandalizi, tarehe, saa, na mahali au njia mtakayopita. Saa ziwe kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni. Akisema haiwezekani, sababu inayotambuliwa na sheria ni kwamba mtu mwingine ameshatoa taarifa ya mahali hapo hapo, wakati huo huo.

Warsha ya walioalikwa, ndani ya madarasa, si maandamano. Mlango wenu wa kwanza ni ofisi ya masuala ya wanafunzi: barua ya kuomba madarasa, orodha ya wakufunzi, idadi ya wageni wa nje, na jina la mhadhiri mlezi. Wageni 60 wasiokuwa na kitambulisho cha chuo ndio watakwama langoni, kwa hiyo orodha yao ifike kwa walinzi siku moja kabla, na mmoja wenu asimame langoni kuanzia saa moja na nusu.

Lakini kamukunji ikitoka nje hadi barabarani, hapo mmeingia kwenye Kifungu cha 37 cha Katiba, cha haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, na ile taarifa ya OCS. Ama ifanyeni ukumbini ama toeni taarifa mapema, nakala mbili, moja irudi na muhuri. Msiamue saa kumi jioni watu wakiwa wamepandwa na mori.

---

Nyuki_wa_Ahero amejibu:

Mimi nina neno na tarehe yenyewe. Jumamosi ya mwisho ya Februari somo la bajeti litakuwa limepitwa. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka hazina ya kaunti ipeleke waraka wa mkakati wa fedha kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari. Waraka huo ndio unaoweka kiwango cha pesa cha kila idara. Maoni ya umma huchukuliwa kabla haujapelekwa, kwa hiyo mtakuwa mkiwafundisha watu kugonga mlango ambao umeshafungwa.

Mna njia mbili. Irudisheni nyuma hadi mwisho wa Januari, mfanye kazi na waraka huo. Au bakini na tarehe yenu lakini mlenge makadirio ya bajeti, yanayofika bungeni kufikia 30 Aprili na kupitishwa kufikia 30 Juni. Ya pili ina nafasi zaidi ya kujiandaa. Vyovyote iwavyo, msichapishe kitabu kizima cha bajeti. Chukueni kurasa mbili za idara moja, maji kwa mfano, na kurasa hizo hizo za mwaka uliotangulia. Vikundi vitafute miradi iliyopewa pesa mwaka jana na kurudi mwaka huu kwa jina lile lile. Kazi hiyo inajaza dakika 40 bila mtu kusinzia.

Halafu Jumamosi Nyanza hii! Wasabato wangapi mtawakosa? Angalieni Jumapili kuanzia saa saba mchana, au siku ya mapumziko ya kitaifa.

---

Komredi_Lwangni:

Asanteni sana. La Sabato hata hatukuliwazia, tutalipeleka kwa kamati leo. Naomba anayejua barua ya kuomba habari na ombi atueleze kwa undani, maana hapo ndipo wakufunzi wetu ni wageni. Na lile la mahema bado.

---

Karani_wa_Sheria:

Barua kwanza, maana ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kifungu cha 35 cha Katiba na sheria ya 2016 vinampa kila raia haki ya kupata habari. Iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Hulazimiki kutoa sababu, na kupokelewa kwa barua hakulipiwi, unalipia nakala tu. Asiyeweza kuandika atamke, na afisa wa habari amwandikie. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, au saa 48 likihusu uhai au uhuru wa mtu. Ofisi inaweza kuongeza siku 14 mara moja. Wakikataa, una siku 30 za kwenda Tume ya Utekelezaji wa Haki, ile ya Ombudsman inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

Barua nyingi hukwama kwa sababu zimeuliza maoni badala ya hati. "Kwa nini hamtuletei maji?" haina hati ya kutolewa. "Naomba nakala ya mkataba na hati za malipo za mradi wa kisima katika wadi fulani, mwaka wa fedha fulani" inayo. Kila kikundi kiandike barua moja, waibadilishane na wenzao, na wenzao wapigie mstari neno lolote lisilotaja hati, mahali au mwaka.

Ombi lina masharti zaidi. Lugha iwe ya heshima, pasiwe na maneno yaliyofutwa, mseme ni ofisi gani mmeshaiendea na ikajibu nini, mseme kama suala liko mahakamani, na mmalizie kwa kutaja waziwazi mnachotaka bunge lifanye. Kisha majina, anwani, nambari za kitambulisho, na sahihi au alama ya kidole.

Kosa la kawaida liko kwenye karatasi za sahihi. Watu huchukua daftari, wanapiga mistari, wanakusanya majina 300 mitaani, halafu hakuna ukurasa hata mmoja unaosema sahihi hizo ni za nini. Kiini cha ombi kichapwe juu ya kila karatasi kabla ya mtu wa kwanza kutia sahihi. Na ombi la wadi moja halihitaji majina 300 hayo. Sheria haiweki idadi kubwa. Hamsini yaliyo sahihi, yenye nambari zinazosomeka, yanatosha kulipeleka.

---

Jikoni_Kibuye amejibu:

Mmesahau tumbo, na tumbo ndilo huharibu ratiba. Watu 120 kwenye foleni moja, sekunde 20 kila mmoja, ni dakika 40. Wekeni meza mbili, watu wapakue pande zote mbili za kila meza. Wali kilo 15 za mchele na ndengu kilo 10 hadi 12 kavu, na kabeji. Chai lita 36, mandazi 240. Maji ya kunywa msishuke chini ya mitungi minane ya lita 20, joto la Februari hapa mnalijua.

Ndengu zisipikwe alfajiri na kufunikwa kwenye sufuria hadi saa saba, zinachacha. Zikolee saa tano. Na mkihamia miezi ya mvua, jueni kwamba darasa la mabati mvua ya jioni ikianza halina somo. Kazi za vikundi ziwekwe mchana, maelezo asubuhi.

---

Dala_Kwetu amejibu:

Mahema mchukue bwana, pesa ya mwanasiasa ni yetu sote. Bora asipewe maikrofoni.

---

MwalimuUraia:

Ndugu Dala, maikrofoni hata haihitaji. Fulana 120 zenye jina lake ni picha 120, na ombi lenu likifika bunge la kaunti wapinzani wake wataliona kuwa ombi lake. Tena mna madarasa manne na ukumbi, hema la nini? Akitaka kusaidia akodishe viti, alipe mwenye viti moja kwa moja, na jina lake lisiandikwe popote. Wanasiasa wengi huondoka wenyewe mkiwaambia hivyo.

Mambo ya nauli: wale 60 wa mitaani watauliza posho. Semeni kwenye mwaliko wenyewe kwamba kuna nauli ya kurudi tu, itumwe kwa M-Pesa baada ya kipindi cha mwisho. Ikitolewa asubuhi, mnajua wenyewe.

---

Mama_wa_Nyawita amejibu:

Wanangu, hilo somo la aliyekamatwa msilifanye la kusoma vifungu. Liigizeni. Mmoja afisa, mmoja anayekamatwa, mmoja jamaa anayefika kituoni. Aliyekamatwa ajifunze kutaja manne tu: nimekamatwa kwa kosa gani, nina haki ya kunyamaza, nataka kuzungumza na wakili, nifikishwe kortini ndani ya saa 24. Hizo saa zikiishia wakati korti imefungwa, ni hadi siku inayofuata ya korti. Hayo ni ya Kifungu cha 49 cha Katiba. Jamaa naye ajifunze kuuliza nambari iliyoandikwa katika kitabu cha matukio, na kwamba bondi ya polisi, yaani kuachiliwa kwa ahadi ya kufika ukiitwa, hailipiwi. Akitakiwa pesa taslimu za dhamana, adai risiti.

Anayeigiza afisa asipige mtu wala kutukana hata kwa mzaha. Kuna waliopitia hayo kweli.

Mkialika viziwi, wakalimani wawe wawili, wapokezane kila dakika 20 au 30. Mmoja peke yake siku nzima mikono na akili vitachoka, na atakachoacha hamtakijua.

---

Karani_wa_Sheria:

Nyongeza kuhusu orodha ya mahudhurio. Msizungushe karatasi yenye majina, simu na nambari za kitambulisho vya watu wote. Sheria ya kulinda data ya 2019 inawahusu hata wanafunzi. Mezani achukue mtu mmoja jina, simu na mtaa, basi. Nambari za kitambulisho zibaki kwenye ombi tu, na kwa anayetia sahihi kwa hiari. Picha: asiyetaka apewe utepe wa rangi begani, na mpiga picha aonyeshwe utepe huo kabla ya kuanza. Wa chini ya miaka 18, idhini ya mzazi kwa maandishi.

---

Komredi_Lwangni:

Kamati imekaa. Tumepunguza hadi mada nne, tumekataa fulana, na siku itakuwa Jumapili kuanzia saa saba hadi kumi na mbili, tukilenga makadirio ya Aprili. Tatizo jipya: saa tano hizo hazitoshi kurudia vipindi.

---

MwalimuUraia:

Zinatosha mkipunguza kipindi hadi dakika 80 na kuondoa ufunguzi. Saa saba na nusu madarasani moja kwa moja, tisa kasoro dakika kumi chai na mandazi kwa nusu saa badala ya chakula kizito, tisa na dakika ishirini duru ya pili, kumi na dakika arobaini ukumbini. Kamukunji isizidi dakika 45, na iwe na kazi moja: kila karatasi isomwe, ipewe watu wawili wa kuipeleka, na tarehe. Barua ikipigwa muhuri Jumatatu, siku ya 21 iandikwe kwenye karatasi ya ukutani pamoja na majina ya wawili hao. Tangazeni mwaliko kwa saa sita na nusu, si saba.