Naombeni ushauri: madoa meupe baada ya kutoa waya za meno, nichukue krimu ipi?

Kibogoyo Mtarajiwa
Wakuu, habari za jioni. Nimetolewa waya wiki tatu zilizopita. Meno yamenyooka, lakini ya mbele yote yana doa jeupe kama chokaa, limezunguka pale vidude vilipogandishwa. Nimesoma kuna Tooth Mousse, yenye protini ya maziwa tu, na MI Paste Plus, yenye protini hiyo pamoja na floridi. Ipi? Usingizi sipati. Matusi hapana.

Mzee wa Ubuyu
Sukutua na mtindi mkuu, unauzwa hadi kwa Mangi.

Mama Wawili
Mngekuwa mnapiga mswaki kuzunguka hizo waya kila mkila, tusingekuwa hapa.

Fundi Magego
Mtindi siyo. Ya kwenye krimu ni kaseini, yaani protini ya maziwa, iliyokatwakatwa kwa kimeng'enya, vipande vyake vikabebeshwa kalisi na fosfeti. Madini hayo yakijaa kwenye mate bila kushikiliwa, huganda hukohuko kabla hayajapenya kwenye jino. Vipande vya kaseini huyazuia yasigande, hung'ang'ania utando wa meno, na mdomo ukichachuka huyaachia. Kazi hii ilifanywa Chuo Kikuu cha Melbourne na Profesa Eric Reynolds na wenzake.

Floridi yenyewe huharakisha kalisi na fosfeti kurudi kwenye jino, na fuwele inayojengeka ni ngumu zaidi kwa asidi. Gamba la jino la kawaida huanza kuyeyuka pH (kipimo cha uchachu, kikishuka uchachu umezidi) ikishuka chini ya 5.5 hivi, lenye floridi huvumilia hadi karibu 4.5. Kwa hiyo vinategemeana: floridi bila kalisi ni fundi aliyefika saiti hakuna tofali. Plus ina floridi ppm 900, yaani sehemu 900 kwa milioni.

Mtu wa Meru
Kwanza umekulia wapi? Huku Arusha na Kilimanjaro madoa ni ya maji yenye floridi nyingi mno. Hayo hukaa kulia na kushoto sawasawa, yalikuwepo kabla ya waya, na krimu haiyatoi. Watu wanachemsha maji wakidhani floridi inatoka, kumbe maji yanapungua yenyewe inabaki, inazidi kuwa kali. Mkaa wa mifupa ndio unaoinyonya, pale Ngurdoto kuna kituo cha kazi hiyo. WHO wanataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Na magadi ya kulainishia maharage nayo yanaongeza floridi, mnasahau.

Kibogoyo Mtarajiwa
Nimekulia Mbagala. Turudi kwenye swali, wakuu.

Dada Asali
Maziwa unakunywa?

Kibogoyo Mtarajiwa
Siyapendi sana.

Dada Asali
Sijauliza kupenda.

Kibogoyo Mtarajiwa
Sawa. Nikinywa, midomo inavimba na koo linawasha. Lakini hii si ya kunywa, natema. Halafu nimeshalipia, jamaa anatua nayo kutoka Dubai Jumamosi. Nilipanga nianze na jino moja tu.

Fundi Magego
Hilo ndilo lilipaswa kuwa sentensi ya kwanza! Krimu hii unapaka kiasi cha punje ya njegere, inakaa dakika 3, unaisambaza kwa ulimi dakika 1 au 2, unatema bila kusukutua. Sasa hapo umekwepa nini? Protini ya maziwa ndiyo dawa yenyewe. Na koo likivimba halitauliza ulipaka meno mangapi. Onyo la mzio limeandikwa na watengenezaji.

Chumvi Kidogo
Hii ni chai. Maziwa yanamvimbisha, anaagiza krimu ya maziwa, tena mbili kazitaja kwa majina? Kesho atatokea mwenzake: "ninazo, njoo PM."

Mzee wa Ubuyu
Chai ya rangi lakini, maana ya maziwa hawezi 😂

Kibogoyo Mtarajiwa
Siuzi kitu, Chumvi. Ningekuwa nauza ningesema nina mzio?

Fundi Magego
Iwe chai au uji, wenye mzio wanasoma. Dawa ya meno ya ppm 1450 mara mbili kwa siku, dakika 2, tema, usisukutue na maji. Ukisukutua unaimwaga floridi. Soda usiinywe kidogokidogo mchana kutwa, kila funda linauchachusha mdomo upya. Ya ppm 5000 usijinunulie: kwa doa bichi floridi kali hufunga juu haraka, chini panabaki na vitundu vidogovidogo na weupe unabaki palepale. Vanishi yenye sodiamu floridi 5%, yaani floridi ppm 22,600, apake daktari akishaangalia. Mwambie kama plasta za kidonda hukuwasha, kwa sababu vanishi nyingi zina utomvu wa msonobari. Ipe miezi kadhaa. Doa likigoma, kuna utomvu maalumu wa kujaza hivyo vitundu. Hata kwa wasio na mzio, ushahidi kwamba krimu ya maziwa inaipita floridi ya kawaida si mzito, kwa hiyo hujapoteza kikubwa.

Kibogoyo Mtarajiwa
Na hela yangu? Mdogo wangu naye katoa waya. Akinywa maziwa anaharisha tu, havimbi. Nimpe?

Fundi Magego
Kuharisha tu mara nyingi ni sukari ya maziwa, siyo protini. Daktari akithibitisha si mzio, atumie usiku baada ya mswaki, asile wala kunywa nusu saa. Kikombe cha miswaki mtenganishe.

Chumvi Kidogo
Nasubiri hiyo PM.