Mashine za kusikia za mama na unyevunyevu wa Maskati

Ndugu zangu, assalaam alaykum.

Mama yangu alihamia kwetu Maskati mwaka jana kutoka Unguja, naye huvaa mashine za kusikia za nyuma ya sikio, zenye betri ndogo za kubadilisha. Tangu joto lianze, ile ya kulia hukatika sauti karibu kila alfajiri anapotoka kwenda msikitini, na ikifika saa tatu hurudi yenyewe kana kwamba haikuwa na neno. Tumeipeleka kwa fundi mara mbili, na mara zote tumeambiwa kuwa ni nzima. Ningeshukuru kupata ushauri wa aliyewahi kupatwa na jambo hili.

*

Waalaykumu salaam, dada yangu, na mfikishie mama shikamoo yangu.

Fundi hana kosa kubwa, kwa sababu mashine inapofika mezani kwake huwa imekwisha kukauka. Nilivaa mashine kama hizo huko Maskati kwa miaka 6 kabla ya kuhamia Leicester, na mwalimu wangu alikuwa miwani yangu: kitu kilichopoa kwa kiyoyozi kikikutana na mvuke wa bahari hupata matone papo hapo, na ndani ya mpira mwembamba unaopeleka sauti sikioni tone moja latosha kuziba njia. Betri zenyewe, zile zenye kibandiko, hufanya kazi kwa kuvuta hewa kupitia vitundu vidogo, kwa hiyo vitundu hivyo vikizibwa na unyevu, betri hulegea hata ikiwa mpya. Akishatawadha, mama avae mashine akiwa bado ndani na akae nazo kama robo saa, ili zipate joto la mwili kabla ya kutoka.

Udhu wenyewe nauogopa kuliko hali ya hewa. Kuvua mashine mtu hukumbuka, lakini haraka ya kuwahi sala ya jamaa humfanya azirudishe masikio yakiwa bado majimaji. Akaushe kwanza sikio lote, hasa nyuma yake, kwa kitambaa kikavu.

Usiku zifutwe, betri zitolewe, na mashine zilale, vifuniko vya betri vikiwa wazi, ndani ya kopo linalofunga vizuri lenye punje za silika, ambazo huuzwa pamoja na vifaa vya mashine hizi. Betri zisiingie humo, kwa kuwa punje hizo huzikausha pia na kuzifupishia maisha. Mchele, ambao kila mtu atakushauri, huacha vumbi na hauvuti maji kama silika. Mashine ya kukaushia nywele, jiko na jua kali ni mwiko, hata mashine ya kusikia ikianguka majini.

*

Ahsante sana, kaka. Leo alfajiri niliumulika ule mpira kwa tochi ya simu mama aliporudi, nikaona matone mawili yamekaa pale unapojipinda. Nilichomoa kipande cha sikioni pamoja na mpira wake, nikavipuliza kwa kipampu cha mkononi, na mama akasikia. Jambo moja limebaki: anakataa kuvua mashine kwenye vyumba vya udhu vya msikitini kwa kuogopa kuzisahau.

*

Basi atawadhe nyumbani. Akilazimika kutawadha huko, awe na kikasha chenye kamba ya kuvaa shingoni. Changu nilishonewa na shangazi kwa kitambaa cha kanga, na ndani yake mna kikopo cha plastiki.