Naombeni ushauri, tunashambulia vizuri ila kaunta (mashambulizi ya kushtukiza) zinatumaliza
Wakuu habari zenu, nina katimu ka mchangani nakafundisha hapa mtaani, tunacheza 4-3-3, namba 2 na 3 (mabeki wa pembeni) wote wanapanda, mawinga wanaingia ndani, raha tupu mpaka mpira upotee. Jumapili tumeongoza mbili bila tukafa tatu mbili, goli zote mpira mrefu nyuma ya namba 3, mwenyewe bado yuko kwenye kibendera kashika kiuno. Nikimzuia asipande ndo krosi zimeisha. Nimewaza nifanye kama kocha Guardiola alivyomtumia beki wake Stones pale Man City 2023, sentahafu (beki wa kati) mmoja asogee mbele acheze na namba 6 (kiungo mkabaji), ila wangu akibanwa tu anabutua. Nifanyeje jamani, mechi Jumamosi