Ukichora mtu mlemavu, trisikli yake (baiskeli ya magurudumu matatu) uitoe ao uichore?

Jana mwenzetu mmoja aliandika hapa kwamba mchoraji akitaka kumuheshimu mlemavu amchore uso tu, kiti na magongo aviache, ju watu wakiona chuma hawamuoni tena muntu. Mimi nakataa, na sababu iko nyumbani kwetu.

Yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, alipata polio utotoni, anavukisha mizigo pale Petite Barrière, mpaka wa Congo na Rwanda kati ya Goma na Gisenyi, ile kazi walemavu wengi wa huku wanafanya tangu zamani, trisikli yake inabeba mifuko ya unga mpaka mwenyewe humuoni nyuma, na mama wachuuzi wanamngojea asubuhi wakimuita bosi. Mwaka jana tukapatia mchoraji mmoja foto yake atuchoree portre ya kutundika salon. Tablo ikakuja nzuri, rangi zinawaka, lakini yaya amekaa kwenye fotei, miguu miwili mizima chini ya kitenge, mikono laini kama ya mtoto. Ile mikono njo iliniuma. Viganja vyake viko na sugu ju ya kuzungusha pedali za mkono kila siku, hata kile kitambaa chekundu anafunga kwenye mshikio kisimchubue hakikuwemo. Akaangalia sana, akauliza: "Huyu mumeniletea ni nani?"

Angalieni Frida Kahlo, mchoraji wa Meksiko. Polio akiwa na miaka 6, ajali ya basi 1925, kisha kupasuliwa mgongo mara saba, na 1951 akajichora kwenye kiti cha magurudumu, mbele ya portre ya daktari wake Juan Farill. Kiti kinaonekana. Lakini paleti aliyoshika ni moyo, na burashi zinadondosha damu. Nani atasema pale ameona chuma tu? Kile kiti njo mahali anafanyia kazi, sawa trisikli ya yaya.

Kuko zile tablo za mlemavu mwenye macho ya kuomba, wanachora ili wafadhili watoe pesa, zinanikera mimi pia, ila kosa liko kwenye macho waliyompa, gongo halina kosa.

Sasa wewe unayesema tusichore kiti na magongo, ulimuuliza mwenyewe? Ju hata sisi hatukumuuliza yaya, tulitoa foto tu, na hapo tulikosa. Ile tablo iko nyuma ya kabati. Anataka ingine, na mahali pa kukaa amechagua: barrière, asubuhi, mizigo imeshapangwa.